Mwizi Aliyevaa Sare ya Kiwanda: Somo la Kuzitambua Programu za Hila katika Kompyuta

Katika somo hili tutazungumza juu ya mwizi asiyevunja mlango. Huingia mchana, amevaa sare kama watumishi wengine, jina limeandikwa kifuani, na kila anayepishana naye humsalimu. Mwizi huyo ni programu ya hila inayoingia katika kompyuta na kujipa jina la programu halali ya mashine. Zamani habari hii tungewaachia mafundi. Leo ofisi nyingi za matawi zina kompyuta. Daftari la ada limehamia humo, barua za madai zimo humo, na majina ya wanachama wetu yamo humo. Kwa hiyo ni habari yetu.

Mimi si fundi. Niliishia darasa la saba, nikachuma chai miaka mingi kabla ya kupewa kazi ya uhamasishaji. Haya ninayoyaandika nimejifunza kwa sababu tawi letu lilikaribia kumdhulumu mtu.

1. YALIYOTUPATA

Tawi letu lipo katika nchi ya chai, magharibi ya Uganda. Ofisi ni chumba kimoja, na ndani yake kuna kompyuta moja tuliyoinunua ikiwa imekwisha tumika. Karani wetu, binti wa mchuma chai, ndiye aliyeandika ada, barua na orodha ya wanachama. Neno la siri la barua pepe ya tawi walilijua watu wawili, yeye na mwenyekiti.

Siku moja makatibu wa matawi mawili jirani walipiga simu kuuliza kama tumepokea rambirambi walizotuma. Rambirambi zipi? Walikuwa wamepata barua kutoka anwani yetu, yenye salamu zetu za kawaida, ikisema kwamba mwenzetu amefiwa na fedha zitumwe kwa namba fulani ya simu. Sisi hatukuandika barua hiyo. Fedha zilikwisha kwenda, na namba ile haikupatikana tena.

Kamati ilikaa jioni ile ile. Mwenyekiti ni mzee asiyejua hata kuiwasha mashine, basi macho yote yakamgeukia karani. Nami nilikuwa mmoja wa waliosema aondoke. Barua ya kumwachisha kazi ilikwisha andikwa, ndipo mama mmoja mjumbe wa kamati akauliza: "Tunapomtetea mtu mbele ya mwajiri, tunadai nini kwanza? Tunadai asikilizwe. Huyu amesikilizwa na nani?" Tukanyamaza.

Karani akapewa nafasi. Akasema kwamba kwa muda wa wiki tatu mashine imekuwa nzito, feni yake inavuma hata pasipo mtu aliyekaa mbele yake, na kwamba alikwisha tuambia mara mbili. Ni kweli alituambia. Tulimjibu kwamba mashine imezeeka.

Tukamwita kijana fundi kutoka mjini. Hakukaa hata saa moja. Alituonyesha kwenye kioo programu iliyoitwa svchost.exe. Jina hilo ni la mtumishi halali wa Windows, lakini huyu hakuwa akikaa wanapokaa wenzake. Alijificha katika folda ya mtumiaji, na kando yake palikuwa na faili lenye kila herufi iliyopigwa katika kibao, pamoja na neno la siri. Fundi akatazama tarehe ya kuingia kwake. Ilikuwa siku ile nilipochomeka flashi niliyotoka nayo katika kibanda cha kuchapishia karatasi. Mwizi nilimwingiza mimi.

2. WATUMISHI WA NDANI YA MASHINE

Kompyuta inapowaka haikungojei wewe uanze kazi. Ndani yake zipo programu nyingi zinazofanya kazi chini kwa chini, kama vile katika kiwanda cha chai wapo watu wa tanuri, wa umeme na wa maji, ambao mchumaji hawaoni. Katika mashine zinazotumia Windows, yatupasa tuwajue watumishi wanne kwa majina.

(a) services.exe. Huyu ni mnyapara. Ndiye anayewaita wengine kazini. Yuko mmoja tu.

(b) svchost.exe. Huyu ni mchukuzi. Hubeba huduma za mashine, kama vile mtandao, sauti na saa. Wachukuzi ni wengi. Ukiwakuta makumi kadhaa katika mashine ya siku hizi usishtuke, ndivyo ilivyo.

(c) lsass.exe. Huyu ni mlinzi wa geti. Ndiye anayekagua neno la siri unapoingia. Yuko mmoja tu.

(d) explorer.exe. Huyu hukuonyesha folda na vitu vyote unavyoviona unapoingia katika mashine.

Watatu wa kwanza makao yao ni folda moja iitwayo C:\Windows\System32. Explorer hukaa nyumba ya juu yake, yaani C:\Windows. Mashine nyingi za sasa zina pia folda halali iitwayo SysWOW64, ambamo baadhi ya watumishi wana nakala. Shikeni makao hayo vizuri, kwani somo lote linasimama juu yake.

3. JINSI MWIZI ANAVYOJIFICHA

Njia ya kwanza ni kubadili herufi. Badala ya svchost ataandika scvhost, au ataweka sifuri mahali pa o. Katika jina lsass ataweka I kubwa mahali pa l ndogo, na jicho halitaona tofauti. Mwaka 2004 aina moja ya virusi iliyoitwa Sasser ilijipa jina la lsasss.exe, s tatu mwishoni badala ya mbili. Mtu aliyechoka na zamu ya usiku atalipita jina hilo bila kuliona.

Njia ya pili ni kutumia jina sahihi katika nyumba isiyo yake. Ndiyo iliyotupata sisi. Windows haikubali mafaili mawili yenye jina moja yakae folda moja, lakini katika folda mbili mbalimbali inakubali. Kwa hiyo mwizi huchukua jina la svchost.exe akaenda kukaa katika folda ya mtumiaji, au folda ya vitu vya muda, au pale vinapowekwa vitu vilivyoshushwa kutoka intaneti.

Njia ya tatu ni kujipa cheo. Tarehe 12 Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilienea katika nchi zaidi ya 150. Vilifunga mafaili ya watu na kudai dola 300 ili vifungue. Hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu, na baadhi ya viwanda vya magari vya Renault vilisimamisha kazi. Virusi hivyo vilijiandikisha ndani ya mashine kwa jina la Microsoft Security Center (2.0) Service. Yaani mwizi alijiita afisa wa ulinzi! Tukumbuke pia kwamba dawa ya udhaifu alioutumia ilikwisha tolewa mwezi Machi mwaka ule ule. Waliopatwa wengi ni wale ambao mashine zao hazikuwa zimewekewa marekebisho hayo.

Njia ya nne ni kuvaa vazi la kitu cha kila siku. Mwezi Mei 2000 barua iliyosema "nakupenda" ilizunguka dunia, na ndani yake palikuwa na faili lililoonekana kama karatasi ya maandishi. Windows huficha sehemu ya mwisho ya jina la faili, basi watu wakaona TXT wasione vbs iliyofuata, ambayo maana yake ni programu. Walipofungua, ikajiweka ndani ya mashine kwa majina yanayofanana na ya mfumo, kama MSKernel32 na Win32DLL. Vivyo hivyo virusi vya Conficker, vilivyoanza Novemba 2008, vilipita katika flashi. Ulipochomeka flashi, kioo kilikuuliza ufanye nini, na virusi viliweka hapo picha ya folda na maneno ya kufungua folda utazame mafaili. Mtu alidhani anafungua folda, kumbe anamkaribisha mwizi.

4. MASWALI MANNE YA GETI

Mlinzi mzuri wa geti haridhiki na sare wala jina la kifuani. Humwuliza mgeni jina lake, anakokaa, aliyemwajiri, na kazi aliyokuja kufanya. Nasi tufanye vivyo hivyo.

Ingia katika mashine kwa jina la msimamizi. Bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la Task Manager litafunguka. Chagua sehemu ya Details, hapo utaona orodha ya programu zote zinazofanya kazi saa hiyo. Weka kipanya juu ya vichwa vya safu, bonyeza kitufe cha kulia, chagua Select columns, kisha tia alama penye Image path name na Command line. Sasa orodha itakuonyesha jina la kila mmoja, makao yake na amri aliyopewa alipoanza kazi.

Swali la kwanza: Jina lako nani? Lisome herufi kwa herufi, ukiweka kidole kwenye kioo kama mtoto wa darasa la kwanza. Usione haya.

Swali la pili: Unakaa wapi? Tazama safu ya makao. Svchost au lsass aliye nje ya makao tuliyoyataja ni wa kushukiwa mara moja. Unaweza pia kubonyeza kitufe cha kulia juu ya jina lake na kuchagua Open file location, nayo mashine itakupeleka nyumbani kwake.

Swali la tatu: Nani amekuajiri? Svchost wa kweli huitwa kazini na mnyapara services.exe. Katika safu ya amri, baada ya jina lake hufuata alama ya -k na jina la kikundi chake, kama namba ya genge shambani. Asiye na genge achunguzwe. Ipo programu ya bure ya Microsoft iitwayo Process Explorer, ambayo huchora ukoo wote, nani kamwita nani. Ukichagua humo Verify Signatures, hukagua kama programu ina sahihi ya kampuni iliyoitengeneza.

Swali la nne: Unafanya kazi gani, na mpo wangapi? Lsass wawili ni jambo la kutia shaka. Mtumishi anayekula nguvu za mashine saa nzima hali hakuna mtu anayeitumia, huyo naye aulizwe. Lakini tuwe waangalifu: hata mtumishi halali huweza kuwa na kazi nyingi, kwa mfano mashine inaposhusha marekebisho. Uzito wa mashine ni sababu ya kukagua, si sababu ya kuhukumu.

5. MWIZI ALIYE NDANI YA MTUMISHI WA KWELI

Ndugu zangu, nisingependa mtu aondoke hapa akidhani kwamba maswali manne yanatosha siku zote. Wapo wezi ambao hawavai sare ya mtumishi, bali huingia ndani ya mtumishi mwenyewe. Conficker alifanya hivyo. Alijiweka kama huduma ndani ya svchost wa kweli, mwenye jina sahihi na makao sahihi. Alama yake mojawapo ilikuwa kwamba mashine haikuweza kufungua kurasa za wenye kutengeneza dawa za virusi. Mwizi alikuwa amekata waya wa simu ya polisi.

Mfano mkubwa zaidi uligunduliwa mwaka 2010, nao unatuhusu sana sisi wa viwandani. Virusi vilivyoitwa Stuxnet viliingia katika kiwanda cha Natanz nchini Iran, ambako mashine za kuzungusha kwa kasi zilikuwa zikirutubisha madini ya urani. Vilikuwa na sahihi zilizoibwa za kampuni mbili za Taiwan, na vilijipenyeza hata ndani ya lsass. Vilibadilisha mwendo wa mashine hadi zikaharibika, na wakati huo huo viliwaonyesha wafanyakazi kwenye kioo vipimo vya kawaida vilivyorekodiwa kabla. Kioo kilisema shwari, mashine zikawa zinakufa. Hapa tunajifunza kwamba mwendesha mashine anayesema "mlio huu si wake" yafaa asikilizwe, hata kama kioo kinasema mambo ni sawa. Nani angemlaumu mfanyakazi wa kiwanda kile kwa mashine zilizovunjika? Pengine wengi, mpaka ukweli ulipojulikana.

Kwa mwizi wa namna hii, programu ya kinga ndiyo msaada wetu. Windows 10 na Windows 11 zina kinga yao, Microsoft Defender, na ndani yake mna ukaguzi uitwao Defender Offline. Ukaguzi huo huzima mashine na kuipekua kabla Windows yenyewe haijaamka, yaani mwizi angali amelala bila kuvaa sare. Jueni pia kwamba Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Tawi lenye mashine ya zamani liliweke jambo hili katika bajeti yake.

6. UKIMKUTA, FANYA HIVI

Kwanza, kata mtandao. Chomoa waya au zima intaneti. Usichomeke flashi yoyote, maana atapanda humo aende tawi lingine.

Pili, usifute kwa hasira. Mtu akimsimamisha lsass wa kweli, mashine huzimika na kuanza upya, na akifuta faili halali la mfumo anaweza kuiua mashine kabisa. Andika jina, makao na saa, au piga picha ya kioo kwa simu.

Tatu, badilisha maneno yote ya siri ukitumia mashine nyingine iliyo safi. Ukiyabadilisha katika mashine ile ile, unamsomea mwizi maneno mapya.

Nne, fanya ukaguzi wa Defender Offline au mwite fundi. Ikiwa shaka haikwisha, hifadhi barua na madaftari, kisha mashine ifutwe na kuwekewa Windows upya.

Tano, waambieni wanachama na matawi jirani siku ile ile. Aibu ya siku moja ni nafuu kuliko fedha za wenzetu kuendelea kupotea. Hapa Uganda, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi habari za watu aiarifu mamlaka mara moja habari hizo zikiingiliwa. Sisi tunaodai waajiri wafuate sheria tuwe wa kwanza kuifuata.

7. NENO KWA WENYE SIMU

Wengi wetu hatuna kompyuta, lakini tuna simu. Hila ni ile ile. Mwaka 2021 watafiti walieleza juu ya programu ya simu za Android iliyojiita System Update. Kwa jina, ilikuwa inarekebisha simu. Kwa kweli ilikuwa inasoma ujumbe, inarekodi mazungumzo na kuchukua picha za mwenye simu. Haikutoka katika duka rasmi la Google, bali watu waliiweka kutoka kwingine. Basi marekebisho ya simu yatoke katika sehemu ya mipangilio ya simu yenyewe, si katika kiungo ulichotumiwa na mtu. Na programu ya tochi ikikuomba ruhusa ya kusoma ujumbe wako, jiulize tochi inataka kusoma nini.

8. MWISHO

Karani wetu hakufukuzwa. Tulimwomba radhi mbele ya mkutano wa wanachama wote, nami nikasimama nikaeleza habari ya flashi yangu. Matawi mawili tuliwarudishia fedha zao kwa mchango wa kamati. Siku hizi kila Jumatatu asubuhi karani anafungua orodha ya watumishi wa mashine, anauliza maswali manne, na kuandika katika daftari alichokiona. Flashi ya nje haichomekwi kabla ya kukaguliwa, hata ikiletwa na mwenyekiti, na yangu ndiyo inayokaguliwa mara mbili.

Ndugu wafanyakazi, miaka yote tumefundishana kutomhukumu mtu kwa maneno ya mnyapara bila kumsikiliza. Mbele ya kompyuta tulilisahau somo hilo. Tuliiamini mashine kwa sababu majina yake yalikuwa safi, tukamshuku mwenzetu kwa sababu alikuwa karibu. Ingetupasa tuikague mashine, na mwenzetu tumsikilize.

MASWALI YA KIKUNDI CHA MASOMO

1. Katika ofisi ya tawi lenu, nani anajua neno la siri? Likiibwa, nani atashukiwa kwanza, na je, ni haki?

2. Mmekuta svchost.exe thelathini, wote katika System32, na mwingine mmoja katika folda ya vitu vilivyoshushwa. Mtamshuku nani, na kwa nini?

3. Kwa nini haifai kubadilisha neno la siri katika mashine yenye mwizi?

4. Katika kiwanda au shamba lenu, zipo mashine zinazoongozwa na kompyuta? Mashine hizo zikiharibika, mfanyakazi anapewa nafasi ya kueleza alichokisikia na kukiona kabla ya kukatwa mshahara?

Jadilianeni, mwandike majibu, na karatasi ziletwe katika mkutano wa tawi.

Umoja ni nguvu.